Mkono Ambao Refa Hakuunyoosha

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Ni mimi Jeconia Ouma, niko hapa Kisumu kama kawaida. Ninyi mlioko Kisii mjini, barazani kwa Bwana Gopal, mnaosikiliza ile redio aliyoiweka juu ya magunia ya chumvi, nawaomba leo mpunguze kelele. Mwambieni fundi cherehani apumzishe mguu kidogo. Leo namkumbuka mtu wenu.

Namkumbuka Zakayo Ongeri wa Ekerenyo. Amezikwa Alhamisi iliyopita. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Narudia, kwa ajili ya anayefika sasa hivi: Zakayo Ongeri, beki wa Ekerenyo, amezikwa Alhamisi iliyopita.

Wengi wenu hamkumwita Ongeri. Mlimwita Mkono. Hata watoto waliozaliwa juzi walimwita Mkono. Basi leo jina hilo nalirudisha kwa mwenyewe. Mwenyewe ni mtu mwingine, na yu hai. Nitamtaja kabla sijaondoka hapa. Sitamtaja sasa hivi, kwa sababu nataka kwanza msikie jinsi alivyofichwa, na waliomficha ni akina nani. Mimi ni mmoja wao.

Ongeri alizaliwa mwaka wa 1926, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Ekerenyo. Baba yake alifariki mapema. Alilelewa na mama yake, Mama Nyanchera, aliyeolewa pale kutoka Birongo. Likumbukeni hilo, kwamba mama yake alitoka Birongo. Baadaye litatumiwa kama kisu.

Mpira wao wa utotoni ulikuwa wa maganda makavu ya mgomba, yamekazwa kwa kamba. Na kule kwao, wasikilizaji wapendwa, hakuna mahali tambarare. Mpira ukikupita, unateremka mpaka mtoni, na sheria ya watoto ilikuwa moja: uliyepitwa, ufuate. Ongeri alichoka kuufuata mtoni. Akajifunza kutopitwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa beki.

Alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu aliijua. Akiruka kupiga mpira kwa kichwa, alishika kaptula yake kwa mikono miwili. Aliikamata hasa, kama mtu anayeogopa itaanguka. Mashabiki walimcheka. Mama yake aliniambia, "Kila Jumapili nilikuwa nashona ile kaptula. Ilikuwa inachanika pale pale kiunoni, kwa vidole vyake." Mtu wa namna hiyo ndiye mliyemwita Mkono.

Sasa twende mwaka wa 1951, mwezi wa Agosti. Bwana Gopal alikuwa ametoa kombe. Timu mbili zikabaki, Ekerenyo na Birongo. Mechi ya mwisho ikapangwa Kisii mjini, siku ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na nusu ya wachezaji wangekuwa kanisani. Mwaka uliotangulia mechi kama hiyo iliishia kwa fimbo, na watu walishonwa vichwa. Kwa hiyo kamati ya kombe ikatangaza sheria kali: mchezaji atakayezuia goli kwa mkono makusudi, atatolewa nje, na hatacheza mwaka mzima. Bwana Gopal mwenyewe alikuja uwanjani akatuambia, "Kombe yangu nataka enda nyumbani na furaha. Hapana na damu."

Refa alikuwa Mwalimu Nyamongo, kutoka Nyamira. Mimi nilikuwa mshika kibendera upande wa mashariki. Nilikuwa pia karani wa kamati. Mimi ni mtu wa ziwani, nilikuja Kisii kwa kazi ya ofisi, na walinichagua kwa vile sikuwa na ndugu katika timu yoyote. Nilijivunia hilo. Mtu asiye na upande.

Lazima niwaeleze Mwalimu Nyamongo alivyokuwa refa, maana wengine wenu hamkumwona. Sauti yake ilikuwa ndogo. Darasani ilitosha, lakini uwanjani, mbele ya watu elfu mbili na ngoma na vigelegele, ilikuwa haifiki hata kwa golikipa. Kwa hiyo alichezesha kwa mikono. Akipuliza kipenga, mkono unafuata. Mkono ukielekea katikati, ni goli. Ukielekea kwenye doa, ni penalti. Na akimtoa mtu, alinyoosha mkono wote, kidole kimoja mbele, mpaka kila mtu ajue ni nani. Hakujibizana na mtu. Watu walisema, "Nyamongo haongei, mkono wake umeshaongea." Walimpenda kwa hilo. Walimwamini kwa hilo.

Asubuhi ya mechi, beki mmoja wa Ekerenyo aliamka na homa. Wakamtafuta mwingine haraka. Wakampata kijana mmoja, naye hakuwa na jezi. Jezi za Ekerenyo zilikuwa nyeupe, mikono mifupi. Yeye akaazimwa shati jeupe la kawaida, la mikono mirefu, lenye vifungo mpaka kwenye viwiko vya mikono, nataka kusema mpaka huku kwenye kifundo. Mnisamehe, nakasirika na ulimi unateleza. Lilikuwa shati la mikono mirefu. Katika uwanja mzima, lilikuwa moja tu.

Kijana huyo wa shati refu alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wa Mwalimu Nyamongo. Mwalimu alikuwa amemwoa Bi Gesare mwaka ule ule. Na ninyi Wagusii mnajua kuliko mimi: ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe, hata kama umemzidi umri. Kuna ile heshima mnayoiita chinsoni. Mkwe hamtaji baba mkwe kwa jina. Hagombani naye hadharani. Kumnyooshea kidole mbele ya watu, hilo halitamkiki. Mimi mgeni nimelijua, sembuse Mwalimu.

Hakuna aliyelifikiria asubuhi ile. Mwalimu alimwona tu akiingia uwanjani. Bi Gesare ameniambia wiki hii, "Alirudi nyumbani akasema, nilipomwona nilitaka kuvua kipenga. Lakini nani angechezesha? Nikaomba tu Mungu asifanye kosa."

Ekerenyo walipata goli kipindi cha kwanza. Moja bila. Zikabaki dakika tano hivi. Birongo wakapata kona. Mpira ukaja juu, golikipa akaukosa, ukapigwa kichwa kuelekea golini. Kwenye mstari walikuwa mabeki wawili, Ongeri na yule wa shati refu. Ongeri aliruka, akaukosa, akaanguka kifudifudi juu ya mstari. Na nyuma yake ukatoka mkono, ukaupangua mpira ule kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Mimi niliuona. Nilikuwa kwenye kona ile ile, hatua ishirini. Mkono ule ulikuwa na shati mpaka kwenye kifundo. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mkono ulioshika mpira ulikuwa na shati mpaka kwenye kifundo.

Kipenga kikalia. Mwalimu akaonyesha doa, penalti. Mkono ule safi, kama siku zote. Birongo wakarukaruka. Halafu uwanja ukatulia, kwa sababu watu walijua sheria. Walisubiri ule mkono wa pili. Nani anatoka?

Mkono haukuja. Mwalimu alisogea mpaka kwenye goli, akaweka mikono yake nyuma, akatazama nyasi. Akasema kwa ile sauti yake, "Aliyeshika mpira atoke nje."

Basi. Hakuna jina, hakuna kidole. Nyuma ya goli watu walianza kuulizana, "Amesema nini? Amesema nani?" Ongeri ndiyo kwanza anainuka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa ya mstari alioangukia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo! Mtazameni mikono!" Kelele ikashika. "Huyo! Huyo!"

Ongeri akamwendea refa. Nilisikia kila neno.

"Mwalimu, ni mimi?"

"Nimeshasema. Aliyeshika atoke."

"Sikushika, Mwalimu. Kama ni mimi, nionyeshe kwa mkono, nami nitatoka. Nionyeshe kama unavyowaonyesha wengine."

"Nimeshasema," alisema Mwalimu, bado anatazama nyasi.

Ongeri akageuka, akamtazama yule wa shati refu. Yule alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Watu wa Birongo wameanza kuingia uwanjani, na fimbo nimeziona. Kapteni wa Ekerenyo akamshika Ongeri bega akamwambia, "Ndugu yangu, toka. Mechi ikivunjika tumepoteza yote. Mambo mengine tutaongea kesho."

Akatoka. Alitembea polepole, akigeuka kila hatua chache, akimtazama refa. Alikuwa anangoja ule mkono umwambie rudi. Haukumwambia. Yeye hakukubali kosa, wasikilizaji wapendwa. Alitii tu ili mechi isivunjike. Birongo wakafunga penalti, na katika nusu saa ya nyongeza wakafunga la pili. Mbili moja. Kombe likaenda Birongo.

Jioni nilimfuata Mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, umetoa mtu siye. Mimi nimeona shati." Akanijibu, "Mimi sijatoa mtu, Jeconia. Nilisema aliyeshika atoke. Aliyetoka ametoka mwenyewe." Nikamwuliza, "Na wewe hukumwona?" Akasema, "Wewe ni mgeni. Kuna vidole vingine havinyooshwi."

Nikaridhika! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikasema moyoni, haya ni mambo yao, watayamaliza wenyewe. Mtu asiye na upande.

Kamati ilikaa baada ya siku nne, kwa sababu Ekerenyo walikata rufaa. Hoja yao ilikuwa hii: refa hakuonyesha kwa mkono, kwa hiyo hakuna aliyetolewa. Mchana kutwa tulibishana. Wengine walisema uamuzi ni mdomo, mkono ni pambo tu la kuwasaidia walio mbali. Wengine wakasema katika kelele ya watu elfu mbili mdomo si kitu, kinachohesabika ni mkono. Mzee mmoja wa Birongo akauliza, "Mchungaji akikubariki bila kuinua mkono, hujabarikiwa?" Watu wakacheka. Tulicheka, na maisha ya mtu yako mezani.

Mwishowe tukaamua kwamba neno la refa linatosha. Lakini neno la refa lilikuwa na nani ndani yake? Tulisoma ripoti yake. Mwalimu aliandika, "Mchezaji mmoja wa Ekerenyo alishika mpira." Hata kwenye karatasi hakuandika jina. Sasa kitabu cha kamati kilitaka jina. Mwenyekiti akaniambia, "Karani, jaza hapo. Aliyetoka ni nani?" Nikajaza. Niliandika Zakayo Ongeri. Wino ulikuwa wa kamati, lakini mwandiko ni wangu. Nilijua ni uongo, na niliandika kwa herufi nzuri.

Ongeri akafungiwa mwaka mzima. Sikilizeni sasa alichopoteza. Mwezi uliofuata timu ya wilaya ilikuwa inakuja hapa Kisumu, na karakana moja ya hapa ilikuwa imeahidi kumpa kazi ya ufundi ili awachezee. Chumba, kazi na mpira. Waliposikia amefungiwa, wakachukua mwingine. Siwalaumu. Walisoma barua ya kamati ya kumfungia, niliyoiandika mimi.

Kisha likaja lile la mama yake. Ekerenyo walimtafuta wa kumlaumu, wakakumbuka Mama Nyanchera ametoka Birongo. Wakasema, "Ameshika makusudi. Damu ya wajomba imemvuta." Ongeri alikuwa anachumbia msichana mmoja wa karibu na Nyamira. Baba wa msichana akasema binti yake hawezi kwenda kwa mtu anayewauza ndugu zake kwa wajomba. Uchumba ukavunjika. Ongeri alisema, "Si mimi." Wakamwambia kila mkosaji husema hivyo. Akasema, "Muulizeni aliyesimama karibu nami." Wakamwuliza yule wa shati refu. Yeye akajibu, "Refa alimtoa nani? Mimi nilimaliza mechi." Na watu wakaona huyo ndiye anayesema kwa akili.

Aliacha kusema. Akapata kazi ya kupakia ndizi kwenye malori. Miaka saba alipakia ndizi. Na aliacha kupeana mkono. Mnakumbuka? Akinyoosha mkono kusalimu, kijana mmoja lazima aseme, "Pole pole, usinishike kama mpira." Wakacheka. Basi akaanza kuiweka mikono mfukoni. Mwaka jana nilimkuta Kisii, sokoni. Nilimpa mkono wangu. Aliutazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Karani, habari ya Kisumu?" Mikono ikabaki kwenye koti. Nilikuwa nimeamua siku hiyo kumwomba msamaha. Nikamwuliza habari ya mvua.

Na mvua ndiyo iliyomwua. Mwezi huu alipakia lori siku mbili akiwa amelowa, kifua kikashikwa, na siku ya tano akafariki. Hana mke, hana mtoto. Ana mama.

Nilienda mazishini. Kabla jeneza halijafungwa, Mama Nyanchera aliinama akatoa mikono ya mwanawe chini ya blanketi. Akailaza juu ya kifua, viganja juu. Wazee wakataka kumzuia. Akawaambia, "Niacheni. Miaka saba aliificha. Njooni muitazame mikono ya omwana one, mwanangu. Mniambie uchafu uko wapi." Tukapita mmoja mmoja. Viganja vilikuwa na sugu za kamba. Kingine sikuona.

Halafu Mwalimu Nyamongo akaomba kusema. Amezeeka kabla ya wakati. Alisimama karibu na kaburi, akaweka mikono nyuma. Akasema, "Watu wangu, aliyeshika mpira mwaka ule si Ongeri. Mimi nilijua siku ile ile."

Mtu akauliza kutoka nyuma, "Ni nani basi?"

Mwalimu akatazama udongo. Akasema, "Aliyeshika anajijua. Yupo hapa. Asimame."

Nilihisi kama ni uwanja ule ule. Maneno yale yale, na mikono nyuma. Nilikuwa nimesimama upande wa viti vya wazee wa soko. Yule wa shati refu alikuwa ameketi pale, kiti cha mbele, kofia yake magotini. Siku hizi ni mtu mkubwa, watu humpisha njiani. Aliitazama kofia yake. Aliigeuza, akaigeuza tena. Hakusimama.

Jana nimepigiwa simu kutoka Kisii. Nimeambiwa watu wameshaanza kusema ni golikipa. Wengine wanasema ni kapteni. Golikipa ana watoto shuleni, na jana wamerudi nyumbani wakilia, wakiitwa watoto wa Mkono. Mnaona? Neno limetupwa bila kidole, na linatafuta tena mtu asiye na hatia wa kumwangukia.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Nyamongo nimemhurumia. Sisemi chinsoni ni mbaya. Heshima imewalea vizuri watoto wengi kuliko fimbo. Lakini heshima iliyolindwa kwa jina la mtu mwingine, aliyelipa ni huyo mwingine. Na mimi sikuwa na mkwe uwanjani. Sina mkwe Ekerenyo, sina mkwe Nyamira. Sikuzuiwa na kitu ila uvivu wa mtu asiye na upande.

Kule mazishini Mama Nyanchera alinishika koti. Akaniambia, "Ouma, mdomo wako unafika Kisumu na unafika Ekerenyo. Mwanangu aliomba kuonyeshwa kwa mkono, hakuonyeshwa. Wewe ukisema, sema na jina."

Redio haina mkono, Mama. Hapa hakuna kidole cha kunyoosha. Hapa kuna jina tu.

Aliyeshika mpira siku ile, mwezi wa Agosti mwaka wa 1951, dakika tano kabla ya mwisho, ni Nyasani. Ni Nyasani wa Ekerenyo, aliyevaa shati la mikono mirefu. Narudia: ni Nyasani. Golikipa hakushika. Kapteni hakushika. Zakayo Ongeri hakushika. Na aliyeandika jina la Ongeri kwenye kitabu cha kamati, akijua, ni mimi Jeconia Ouma. Kitabu kipo. Kesho nitapanda basi la asubuhi nije Kisii, nikate jina lile kwa mkono huu huu, mbele ya kamati.

Kwa Mama Nyanchera, na kwa ukoo wote wa Ongeri kule Ekerenyo na wajomba zake wa Birongo, natoa pole. Najua ni ndogo. Na ninyi nyote mnaosikiliza, kila mmoja ajiulize leo ni mara ngapi alisema "aliyekosa anajijua" akaona amesema ukweli.

Nimeambiwa Mama Nyanchera ameshuka mjini leo, na yuko hapo barazani kwa Bwana Gopal. Aliye karibu naye, mpeni kiti asogee mbele ya redio.

Mama, nimesema. Nimechelewa miaka saba, na yeye hakusikia.